Mbege ya Mwaka Sabini na Saba

Machi 3

Nimechaguliwa katibu wa mfongo, na mimi mwenyewe sikuwepo. Nilishuka Moshi mjini kununua zipu na uzi wa cherehani. Narudi, jirani yangu Valeria ananipokea njiani kwa vigelegele, nikadhani ng'ombe wake amezaa. Kumbe mkutano umekaa, na kwetu huku asiyefika ndiye anayebebeshwa kazi. Katibu aliyemaliza muda wake, mwalimu mstaafu, amenishauri niandike mambo kila siku ili nisichanganyikiwe. Haya, naandika. Tayari nimechanganyikiwa.

Machi 4

Kwa atakayesoma haya nikishakufa: mfongo ni mfereji. Wetu ulichimbwa na babu wa babu yangu. Unachukua maji mtoni kule juu msituni, unazunguka vilima, unanywesha vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, kisha mkia wake unashuka tambarare, unavuka mpaka na kuishia kwenye mashamba ya watu wa Kenya, upande wa Taveta. Huko chini ndiko alikoolewa mdogo wangu Monica.

Masika ya mwaka jana yalibomoa banio, yaani ule ukuta wa mtoni unaoelekeza maji mfongoni. Kiangazi kizima mfongo ukawa njia ya mbuzi. Tukikosa banio jipya kabla ya Julai, kahawa yetu haitavumilia mwaka wa pili, na shamba la Monica litakuwa uwanja wa mpira. Sasa watu wamekubaliana katibu ndiye atafute fedha, na katibu ni mimi, mjane mshona sare za shule.

Mwenye mfongo ni baba yangu, Mzee Valerian. Hakuununua. Ukoo wetu ndio uliochimba, kwa hiyo yeye ndiye anayepanga zamu za maji, na ndiye anayepuliza pembe kuita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha. Ana miaka themanini na mbili na ninaishi naye, maana kaka zangu wako Dar na Arusha na huonekana Desemba tu kama kumbikumbi. Nilipomwambia nimekuwa katibu alisema, "Katibu ndiye hupigiwa kelele. Mimi nimeshapigiwa za kutosha." Akaendelea kumenya ndizi.

Machi 9

Amekuja kijana wa miradi kutoka ofisi moja ya mjini. Anaitwa Aristides, mtoto wa Old Moshi, viatu vyeupe pee. Nimevionea huruma vile viatu. Amesema fedha za maji zimejaa duniani, kazi ni kuchagua mlango wa kuingilia. Kuna ruzuku, ambayo hurudishi. Kuna mkopo wa riba nafuu. Kuna mwekezaji. Kuna mfuko wa tabianchi. Kuna watu wa chini kuwalipa watu wa juu kwa kutunza chanzo. Halafu kuna kitu kinaitwa fedha mseto, ambapo kila mmoja anatia chake kwenye chungu kimoja na kila mmoja anakiita jina lake. Hicho nilimwomba arudie, na aliporudia nikaelewa kidogo kuliko mara ya kwanza.

"Kwa hiyo, mama, ninyi mnaona opsheni ipi?"

"Sisi tunaona banio limebomoka," nikamjibu.

Alicheka. Kijana mzuri, ana adabu, alimwamkia baba shikamoo kabla hata ya kuketi. Baba alimpa ndizi ya kuchoma akamuuliza ukoo wake. Ilipofika jioni nilikuwa nimejua babu yake alizikwa wapi, ila kuhusu fedha sijui kitu.

Machi 10

Mvua ya kwanza. Umeme umekatika. Nimeshona kwa mkono.

Machi 17

Nimekwenda benki, nimevaa gauni nililovaa kwenye Kipaimara cha mtoto wa Valeria. Dada wa mikopo, mpole kabisa, akaniuliza dhamana. Nikasema kihamba. Akaniuliza hati. Nikamwambia kihamba chetu hakina hati, kina makaburi: babu, bibi, na mama yetu. Akaniangalia kwa huruma akasema makaburi hayapokelewi.

Nikamuuliza Aristides kwa simu kuhusu ule mfuko wa tabianchi. Kumbe wanataka taasisi yenye hesabu zilizokaguliwa miaka mitatu mfululizo. Jamani! Mfongo una zaidi ya miaka mia na haujawahi kushika hela hata siku moja. Asiyekuja msaragambo anatozwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tunakunywa, yamekwisha. Mbege utaikagua vipi?

Sielewi. Mwenye fedha ndiye anapewa fedha, na asiye nazo anaambiwa akatafute kwanza.

Machi 22

Leo kaja mwekezaji, na gari ambalo halikupita kwenye daraja letu ikabidi apande kwa miguu. Anataka kuweka maji ya chanzo kwenye chupa. Atajenga banio la zege kwa gharama zake na maji yanayobaki yatakuwa yetu. Nakiri nilipenda. Nilishaanza kuona kahawa yangu inang'aa.

Baba akamuuliza, "Na zamu yako ni siku gani?"

"Zamu ya nini, mzee?"

"Ya maji. Jumatatu ni ya nyumba za juu, Jumanne ya kanisa na wajane, Ijumaa na Jumamosi ni ya watu wa chini. Wewe unataka ipi?"

"Mzee, sisi tutachukua muda wote."

Baba alicheka mpaka akakohoa, nikamletea maji. Alipomaliza kukohoa hakuwa anacheka tena. Alimwonyesha mgeni njia, akamwambia ashike kulia kwenye mti wa msesewe, kushoto kuna utelezi. Mimi nilimkasirikia baba na sikuongea naye mpaka baada ya mlo. Ni rahisi kuwa na heshima kama si wewe unayetumwa benki.

Machi 29

Bwana asifiwe, mlango umepatikana! Aristides amepanda tena, safari hii na mabuti. Kuna ruzuku hasa kwa ajili ya maji yanayovuka mipaka ya nchi. Wenzetu wote wanaoomba wanahangaika kuthibitisha kwamba maji yao yanavuka, sisi ya kwetu yanavuka yenyewe. Sharti moja tu: pawe na kamati moja ya pande mbili, Tanzania na Kenya, iliyokaa kikao kimoja na kuweka saini. Mwisho ni tarehe 31 Mei.

Nikasema hilo ni dogo. Mume wa mdogo wangu ndiye anayesikilizwa na watu wote wa kule chini. Ni shemeji yangu, anaitwa Januari. Aristides akanipigia makofi kabisa.

Machi 30

Si dogo.

Nilimweleza baba baada ya misa. Akasema, "Hawawezi kukaa kikao. Wana faini."

Hadithi yenyewe naijua tangu utoto, lakini nilidhani imekufa. Mwaka sabini na saba mpaka ulifungwa. Serikali zilikosana, askari wakasimama. Babu yangu, ambaye ndiye alikuwa mwenye mfongo wakati huo, akapuliza pembe ya msaragambo kama kawaida. Watu wa chini hawakuja. Wangekujaje? Babu akasema sheria ya mfongo haina serikali ndani yake, akazitoza nyumba zao zote saba, kila moja debe la mbege. Wao wakajibu, faini mkamtoze aliyefunga mpaka. Hawakulipa mpaka leo. Maji hawakunyimwa, kwetu maji hayanyimwi mtu. Walinyimwa kikao, na pia mwenye mfongo hanywi kibuyu kimoja na mtu mwenye faini.

Ndiyo maana siku ya harusi ya Monica wakwe walikunywa soda. Ndiyo maana kila Pasaka Januari anakaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini na soda yake mkononi, mtu mzima mwenye mvi. Ndiyo maana baba hajawahi kukanyaga nyumbani kwa Monica, hata alipozaa mapacha.

"Baba," nikasema, "si uifute tu? Wewe ndiye mwenye mfongo."

"Sikuitoza mimi. Neno la baba yangu nitalifutaje mimi, na yeye hayupo aniruhusu?"

Nikamwambia basi tutakufa kiu kwa heshima. Akasema kiu haiui haraka kama kudharau wazee. Nikatoka nje, nikakaa na mvua.

Aprili 2

Mvua.

Aprili 3

Mvua. Ukungu mpaka jikoni.

Aprili 6

Mto umechukua hata yale mawe yaliyokuwa yamebaki ya banio la zamani. Nimekwenda kuona na Valeria. Maji yote yale, mekundu, yanapita mbele yetu kwa kelele, na hatuna namna ya kuiambia hata ndoo moja ibaki. Valeria akasema, "Hilda, hizo fedha vipi?" Nikasema ziko njiani. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Aprili 13

Nimekwenda kwa Monica. Nimevuka kama tunavyovuka sote, nyuma ya mashamba ya mahindi, viatu mkononi. Kule chini mvua si kama ya kwetu. Migomba yake imesimama kama vijiti vya kukaushia vyombo. Monica alikuwa anakata mmoja ampe ng'ombe.

"Huu mgomba, mama ndiye aliyenipa chipukizi lake," akaniambia, akaendelea kukata.

Januari alinisikiliza vizuri mpaka niliposema neno faini. Akaweka kikombe chini. "Shemeji, ninakuheshimu. Lakini baba yangu alikufa akisema hakukosa. Wewe unataka nilipe ili niseme alikosa? Kamati naitaka. Maji nayataka kuliko wewe. Ila faini, hapana. Afadhali niuze ng'ombe nichimbe kisima."

"Kisima kitatoa chumvi hapa."

"Basi tutakunywa chumvi."

Monica alinisindikiza mpaka kwenye mahindi. Tulipoachana akaniuliza, "Baba anakula vizuri?" Nikasema anakula. Nimerudi kichwa kinaniuma. Baba ana haki, Januari ana haki, na kahawa itakauka. Kama kila mtu ana haki, nani basi aliyekosea?

Aprili 20, Pasaka

Wa kwa Monica wamekuja wote. Kiburu cha ndizi na maharage, nyama, watoto wengi. Januari, kiti cha plastiki, soda ya machungwa. Baba upande wa pili wa ukumbi na kibuyu chake. Walisalimiana kwa heshima, wakaongelea bei ya mahindi, kila mmoja akimwangalia ng'ombe. Niliwatazama wote wawili, nikatamani kuwapiga.

Aprili 24

Aristides amepiga. "Mama Hilda, kikao kimefikia wapi?" Nikasema kiko njiani.

Mei 2

Leo nilikuwa namenya ndizi za mtori, najisemea peke yangu yale maneno ya Aristides, ruzuku, mkopo, mseto, kama mtu anayesali rozari asiyoielewa. Kisu kikasimama.

Nikaenda kwa baba. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Asubuhi uliniamkia. Unataka nini?"

"Sheria ya mfongo inasema ndizi za mbege ya faini zitoke wapi?"

Akafikiri. "Haisemi."

"Na ulezi?"

"Haisemi."

"Na anayelipa ni lazima aseme kwamba alikosa?"

Alinitazama. Macho yake yana ukungu siku hizi lakini si mjinga baba yangu. "Sheria inataka mbege," akasema. "Haitaki maneno."

Nikamuomba ndizi za kona ya mama, zile kisukari nyuma ya kaburi. Mikungu yote iliyokomaa. Akaniuliza za nini. Nikasema za kupika mbege. Akaniuliza itapikwa wapi. Nikasema kwa Monica. Akasema panga liko nyuma ya mlango, na nisikate ule mkungu wa ukingoni, bado haujajaa.

Mei 4

Nimempigia Januari. Nikamwambia ndizi zinatoka huku, ulezi utoke kwenu, kila nyumba itie wake, mbege ipikwe kwa Monica, mje muinywe na sisi.

"Hiyo ni faini, shemeji."

"Umesikia nimetaja faini? Aristides anasema wafadhili wanaita mchango wa jamii."

Akasema, "Mchango hatuna neno nao. Sisi si watu wa kukataa mchango."

Sijui kama nimefanya jambo la akili au nimedanganya watu wawili kwa mpigo. Nimechanganyikiwa, lakini nimefurahi.

Mei 11

Ndizi zimeiva, zimeteremka. Wanawake wa chini wamezichemsha leo. Zinakaa siku kadhaa kabla ya kutiwa ulezi na msesewe, lile gamba la mti la kutia uchungu. Monica amenitumia picha ya masufuria, na vidole vyake vimeingia kwenye picha.

Mei 17

Mvua imepungua. Aristides anasisitiza kwamba siku ya kikao watu wa chini wavuke pale getini, kwenye mpaka rasmi, si nyuma ya mahindi. Huu ni mradi wa kuvuka mpaka, anasema, kwa hiyo pawe na ushahidi wa kuvuka mpaka: mihuri, picha. Nikamwambia hapa hakuna mtu aliyewahi kuvusha ndizi getini. Akasema ndiyo maana hatupati fedha.

Mei 24

Nimechoka lakini lazima niandike leo, kesho nitasema niliota.

Tulikubaliana wafike saa nne, kikao kiwe nyumbani, chini ya kibanda cha baba. Wazee walikuwa wamekaa tangu asubuhi na makoti yao ya kanisani. Mimi nilishuka na Aristides kuwapokea watu getini. Walikuja na pikapu: Januari, wenzake sita wa zile nyumba nyingine, Monica na kanga yake nzuri, na ndoo saba za mbege zimefunikwa majani ya migomba. Walipendeza. Kisha ofisa akafunua jani.

"Hii ni nini?"

"Mbege," Monica akasema.

"Ni ya kuuza?"

"Hapana."

"Ina kibali? Nembo? Mtengenezaji?"

"Mtengenezaji ni mimi."

Ofisa alikuwa mstaarabu, siwezi kumsema vibaya. Akachukua kalamu. "Thamani yake?"

Monica akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Aristides. Aristides akatazama mabuti yake. Basi Monica akasema ukweli, maskini. "Haina thamani. Ni faini."

Januari akageuka kama aliyechomwa. Ofisa akauliza, "Faini ya kosa gani?"

"La kutovuka mpaka."

Kalamu ikasimama. "Dada, hapa nimeona faini za kuvuka mpaka vibaya. Ya kutovuka sijaiona tangu nianze kazi."

Madereva wa malori walianza kusogea. Ofisa akaeleza kwamba pombe ya kienyeji haivuki bila kibali, kibali ni mpaka mkubwa wake, na mkubwa wake harudi kabla ya Jumatatu. Jumatatu! Mbege ya Jumamosi ikifika Jumatatu ni siki. Januari akawa anapakia hasira zake, anasema tangu mwanzo ilikuwa faini, tumefanywa wajinga, turudi nyumbani. Monica alikuwa amesimama karibu na ndoo zake, ameshika mfuniko wa jani, halii. Ule uso ninaujua. Ni uso wa siku ya harusi yake, walipoleta kreti ya soda.

Nikampigia baba. Nilikuwa nalia, sioni haya kuandika. Nikamwambia baba, mbege ipo hapa, haivuki, basi imekwisha, samehe.

Akauliza, "Ipo upande gani?"

"Upande wao."

Simu ikakatwa. Nikajua amekasirika.

Baada ya muda, pikapu ya mtoto wa Valeria ikashuka imejaa wazee na makoti. Baba alikuwa mbele, kofia kichwani, amepakata ile kata yake kubwa ya kibuyu. Baba yangu hajashuka pale mpakani tangu mwaka ule. Alimwendea ofisa, ofisa akamwamkia shikamoo, akaitikia.

"Mwanangu, mbege haivuki?"

"Haivuki, mzee. Ni sheria."

"Sheria ni sheria," baba akasema, na nilijua anamaanisha kabisa, anaipenda sheria yoyote ile. "Na mimi je? Mimi navuka?"

"Ukiwa na kitambulisho, mzee, unavuka."

Akatoa kitambulisho kwenye mfuko wa ndani wa koti. Wakampa kikaratasi cha kupita. Wazee wote wakapanga foleni nyuma yake. Aristides alisahau kupiga picha.

Walikaa upande wa Kenya, pembeni ya maegesho ya malori, juu ya kreti na matairi. Monica akachota, akaonja kwanza yeye kama desturi inavyotaka, akapiga magoti akampa baba. Baba akanywa. Akakomea katikati, akaionja mdomoni.

"Msesewe umezidi. Chungu hii. Nani amekufundisha?"

"Mama," Monica akasema.

Kwa kweli mama alikuwa anazidisha msesewe. Baba alimlalamikia miaka yote ya ndoa yao. Aliishika ile kata, hakunywa, hakuiweka chini, na sote tukawa tunatazama pengine. Kisha akanywa mpaka akamaliza. Akaichotesha tena, akainyoosha kwa Januari, kata ileile.

"Shika, baba," akamwambia. Hakusema faini wala mchango.

Januari alipokea kwa mikono miwili. Alikunywa kwa pupa akapaliwa, dereva mmoja wa lori akampiga mgongoni, na watu wakacheka kwa sauti kubwa kuliko jambo lenyewe. Kikao kilikaa hapohapo. Kamati ya watu kumi, wa juu watano, wa chini watano, saini zimewekwa juu ya boneti ya pikapu. Ofisa wa forodha aliulizwa kama anataka kuonja, akasema yuko kazini, akaitazama ndoo ya mwisho kwa masikitiko.

Mei 30

Maombi yametumwa. Ilibidi nipande kilimani nyuma ya kanisa kutafuta mtandao, simu juu, kama ninayewinda popo.

Juni 8

Jua. Anga jeupe. Vilele vya Mawenzi na Kibo vyote viwili viko wazi tangu asubuhi. Nimeanika sare za watu na ndipo nimejua: masika yamekwisha.

Juni 14

Jibu limekuja. Tumepita hatua ya kwanza! Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. Kisha nikasoma ukurasa wa pili. Hatua ya pili ina maswali, hatua ya tatu ina wataalamu watakaokuja kuona, na fedha, zikiidhinishwa, zitatoka mwakani baada ya Juni. Mwakani! Na wanataka tueleze thamani ya mchango wa jamii kwa dola.

Nikamsomea baba.

"Hizo hela zitakuja?" akauliza.

"Labda."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi kimeshakuja, baba."

Nikamwambia sielewi tena. Nimekwenda benki, nimekwenda mpakani, nimesoma makaratasi mpaka macho yanauma, tumepatanisha watu waliokosana kabla Monica hajaanza shule, na mtoni bado hakuna banio. Nilikuwa nataka anikemee. Yeye akasema nimsaidie kushusha pembe darini.

Juni 17

Mpango wa baba: banio la kizamani, la mawe, magogo, migomba na udongo. Litashika kiangazi kimoja, labda viwili, mpaka hizo fedha zijue kutembea. Lakini kazi ni kubwa, watu wetu hawatoshi, nusu ya vijana wako mjini. Wa chini lazima waje.

"Nitamwambia Januari," nikasema.

"Humwambii mtu. Msaragambo unaitwa kwa pembe. Mtu asiyesikia pembe hajaitwa."

"Baba, pembe haifiki Kenya."

"Zamani ilifika. Kulikuwa hakuna injini."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anaogopa. Anaogopa apulize na wasije tena, na awe hana namna ila kutoza.

Juni 20

Alasiri tumepanda mimi na baba mpaka kwenye jiwe la pembe. Unaona tambarare yote kutoka pale, mpaka, barabara, hadi mabati ya watu wa chini yanapong'aa. Upepo ulikuwa unatupiga usoni, kwa hiyo hata mimi nilijua sauti itarudi mlimani. Baba alisafisha pembe kwa shati lake. Kifua chake si kile cha zamani.

Nikampigia Monica. Alipopokea sikumsalimia. Nikaweka sauti kubwa, nikaisogeza simu mdomoni mwa pembe, nikamwambia baba, "Puliza."

Alipuliza. Mara ya kwanza ilitoka hewa. Mara ya pili ikalia, ndefu, nzito, ndege wakaruka kwenye migomba. Nilishika simu kwa mikono miwili nisije nikaiangusha. Alipoishiwa pumzi akashusha pembe, akakaa kwenye jiwe, akaitazama simu kwa wasiwasi. Haikutoa sauti. Nikafikiri mtandao umekatika, sasa nitamwambia nini mzee huyu?

Kisha tukamsikia Monica, mwanamke mwenye wajukuu, akiitikia kwa sauti ileile aliyokuwa akiitikia utotoni akiitwa kutoka mgombani, na nyuma yake Januari anauliza majembe yako wapi.

"Abee, baba!"